Onyo Lisilosomeka

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft iliposimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, mwenye kompyuta kuukuu nyumbani kule Sori, ukingoni mwa Ziwa Victoria, ana sababu ya kuhamia Linux. Haina bei, na hujaribiwa kutoka kwenye flashi kabla ya kufuta chochote. Kinachomtisha mwanagenzi ni hatua ya kugawa diski: akikosea, picha za familia hupotea, na onyo mara nyingi huwa la Kiingereza.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Waandishi wa tasnifu za istilahi (nao ni wengi!) yafaa waanze na onyo hilo, kisha walipime kwa msomaji wa Sori aliyelelewa kwa Kijaluo.