Summer League: kabla hujamwita dogo garasa, soma hapa

Kila mwaka ikifika Julai, kijiweni unazuka ubishi uleule. Fainali za NBA zimeisha Juni, drafti imepita, halafu madogo waliochaguliwa wanapelekwa Las Vegas kucheza Summer League. Mtu anaingia kafe, anaangalia klipu ya dakika mbili, anasoma pointi, anatoka nje kutangaza: huyu nyota, yule garasa. Ukizingatia kwamba saa 1 usiku Las Vegas ni saa 11 alfajiri Dar, wengi wetu mechi zenyewe hatuzioni kabisa. Tunaonja makombo halafu tunatoa hukumu ya sinia zima.

Mimi ni mtu wa form four tu, sijasomea ukocha. Lakini kikapu nakifuatilia tangu nikiwa primary, na msimamo wangu ni huu: pointi ni kitu cha mwisho kabisa kuangalia kwenye ligi ile. Na sisi Wabongo tulitakiwa kulijua hilo kuliko watu wote, maana tulikuwa na mtu wetu pale. Hasheem Thabeet. Nitamfikia.

Kwanza tuelewane ile ligi ikoje. Ya Las Vegas ilianza 2004 na timu 6 tu, na kuanzia 2018 timu zote 30 za NBA zinashiriki. Mechi ni dakika 40, si 48. Mchezaji anatolewa akifikisha faulo 10, wakati kwenye NBA yenyewe ni 6. Makocha wakuu wengi wanakaa jukwaani, benchi wanaachiwa wasaidizi. Timu inafanya mazoezi siku chache tu, halafu kazi inaanza. Kwa hiyo usitegemee kuona mipango ya maana. Ni kama ndondo ya mtaani iliyovalishwa jezi za bei mbaya.

Halafu kuna suala la tumbo. Kwenye kikosi kimoja unakuta dogo mmoja au wawili waliochaguliwa juu, hao mkataba wao uko salama hata wakikosa mitupo yote. Waliobaki ni watu wanaotafuta ajira. Kuna aliyemaliza chuo bila kuchaguliwa na timu yoyote, kuna aliyetoka kucheza Ulaya, kuna wa miaka 25 anayejua hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Sasa mtu wa namna hiyo akiwa na mpira mkononi, unadhani atampasia senta mrefu aliyesimama chini ya kikapu? Atatupa mwenyewe! Anatafuta ugali wake, na mimi simlaumu hata kidogo.

Ndiyo maana gadi mwenye uchu anang'ara sana Julai na senta anaonekana mzigo. Gadi anauleta mpira mwenyewe. Senta anasubiri aletewe.

Ushahidi upo mwingi. 2012 tuzo ya mchezaji bora wa Las Vegas waligawana wawili, Damian Lillard wa Portland na Josh Selby wa Memphis. Tuzo moja, Julai moja. Lillard akaenda kuwa mchezaji bora chipukizi wa NBA msimu uliofuata, kwa kura zote. Selby hakumaliza hata msimu huo: Januari 2013 Memphis wakampeleka Cleveland, Machi akaachwa, na NBA hakuirudia tena. 2014 tuzo ikaenda kwa Glen Rice Jr. wa Washington. Januari 2015 timu yake ikamtema. Anthony Randolph wa Golden State alifunga pointi 42 kwenye mechi moja mwaka 2009, watu wakaona mfalme kazaliwa. Huyu alikuja kuwa mchezaji mzuri kweli, bingwa wa Ulaya na Slovenia 2017 na na Real Madrid 2018, lakini NBA haikuwa fungu lake.

Geuza upande wa pili. Julai 2018 Trae Young alicheza mechi yake ya kwanza ya Summer League na Atlanta kule Salt Lake City: mitupo 20, zikaingia 4. Za pointi tatu 11, ikaingia 1. Mtandaoni wakamzika siku hiyohiyo. 2020 alianza kwenye mechi ya All-Star. Victor Wembanyama, Julai 2023, dunia nzima inamsubiri, akapata mitupo 2 kati ya 13, pointi 9. Watu wakacheka. Wachache ndio walioona kwamba siku hiyohiyo alizuia mipira 5 na kuokota rebaundi 8. Mechi iliyofuata akafunga 27 na rebaundi 12, timu ikampumzisha, yakaisha.

Kuna kitu pale kwa Wembanyama. Mitupo ilimkataa, lakini urefu, miguu na macho ya kuzuia havikumkataa. Mtupo unaingia au hauingii, na kwenye mechi tano bahati tu inaweza kukubeba au kukuangusha. Rebaundi na kuzuia havitegemei pasi ya mtu. Ukitaka kumpima mrefu, anzia hapo.

Sasa tuje nyumbani.

Thabeet ni mtoto wa Dar, alisoma Makongo, alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Ishike hiyo kumi na tano. Madogo aliokuja kushindana nao wengine walishika mpira wa kikapu kabla hawajajua kusoma. Akaenda Marekani, Houston, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut, na huko akatisha kwelikweli. Msimu wa 2008/09 wastani wake ulikuwa pointi 13.6, rebaundi 10.8 na mipira 4.2 ya kuzuia kila mechi. Januari 2009 dhidi ya Providence alipata pointi 15, rebaundi 11, akazuia mipira 10. Mtu wa mita 2.21 anayezuia hivyo, timu gani ingemwacha? Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden wa 3 na Stephen Curry wa 7. Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Mitaani tulitembea vifua mbele.

Lakini jamani, dalili zilikuwepo, na hazikuonekana Las Vegas. Zilionekana Februari 2009, Connecticut walipocheza na Pittsburgh. Pale kulikuwa na jamaa anaitwa DeJuan Blair, mfupi kwa Thabeet kwa sentimita 20 hivi, lakini mzito, kama gunia la mchele lenye miguu. Blair alifunga pointi 22 na kuokota rebaundi 23. Kuna tukio alimvutia Thabeet begani mpaka akamtupa chini. Wa kwetu siku ile alitoka na pointi 5 na rebaundi 4. Hapo ulikuwa unaonyeshwa swali la kweli: akikutana na mtu mwenye nguvu ya chini, anayejua kuweka kiuno na kumsukuma kabla mpira haujafika, atafanya nini? Kwenye NBA watu kama Blair wapo kila usiku. Na Blair mwenyewe alichaguliwa wa 37!

Ila hukumu nyingi zinaishia kwa mchezaji, na hapo ndipo ninapokosana na washkaji. Memphis walimchukua senta wa kufundishwa wakati tayari wana Marc Gasol, mtu aliyekuja kuwa mlinzi bora wa ligi nzima 2013. Kama haitoshi, Julai ileile ya 2009 wakamleta Zach Randolph. Sasa dogo atacheza saa ngapi? Msimu wake wa kwanza alikuwa anapata dakika kama 13 kwa mechi. Katika hizo 13 alizuia wastani wa mipira 1.3, ambayo si mibaya hata kidogo, pamoja na pointi 3.1 na rebaundi 3.6. Faulo zikawa zinamwandama. Senta mgeni anajifunza kwa kukosea, na mtu wa dakika 13 akikosea mara mbili amesharudi benchi.

Februari 2010 wakampeleka ligi ya maendeleo, enzi hizo ikiitwa D-League (tangu 2017 ni G League), timu ya Dakota Wizards kule Bismarck. Hadi wakati huo hakukuwa na aliyechaguliwa juu kama yeye akapelekwa huko. Magazeti yakaandika kama vile amepelekwa jela. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2011, akauzwa Houston, kisha Portland, kisha Oklahoma City. Msimu wake wa mwisho NBA ni 2013/14. Jumla mechi 224.

Je, ligi ya maendeleo ni aibu? Muulizeni Pascal Siakam. Mcameroon, naye alichelewa kuanza kikapu kama Thabeet. Toronto walimchukua wa 27 mwaka 2016, msimu wa kwanza wakamwanzisha mechi kadhaa, wakaona bado, wakampeleka timu yao wenyewe ya maendeleo, Raptors 905, hapohapo jirani Mississauga. Akachukua ubingwa wa D-League 2017, na kuwa mchezaji bora wa fainali. 2019 akawa bingwa wa NBA. Ligi ileile iliyotumika kumwekea Thabeet mhuri wa kushindwa ndiyo Siakam aliyojengewa mguu. Sisemi Thabeet angekuwa Siakam. Siakam ana kasi na mikono ambayo Thabeet hakuwa nayo. Nasema mmoja alipelekwa shule kwa jirani na ratiba mkononi, mwingine alionekana amefukuzwa nyumbani.

Na uchungu wenyewe ni huu. Bongo tulimfanya kituko. Mtu aliyecheza mechi 224 NBA, vijiweni anaitwa garasa na jamaa ambaye hajawahi kugusa ringi. Dogo mrefu wa Temeke akisikia hivyo anajifunza nini? Kwamba ukienda ukakwama, utachekwa na watu wako kabla ya wageni. Miaka zaidi ya 15 imepita tangu drafti ile, na tukizungumza NBA bado tunamtaja yeye peke yake.

Naandika haya kwa sababu hukumu hiyohiyo imeanza kumnyemelea dogo mwingine wa ukanda wetu. Khaman Maluach, wa Sudan Kusini, amekulia Kawempe, Kampala. Mita 2.18. Alipita akademi ya NBA kule Senegal, akacheza Olimpiki ya Paris 2024 akiwa na miaka 17, halafu mwaka mmoja Chuo cha Duke. Juni 2025 alichaguliwa wa 10 na kuishia Phoenix, Julai akaonekana Las Vegas. Nikapita kwenye maoni ya mitandao: "Thabeet mwingine huyu." Kisa ni mrefu, mweusi, katoka Afrika Mashariki. Uvivu mtupu.

Ukitaka kuwalinganisha, linganisha vitu vya maana. Thabeet alichaguliwa akiwa na miaka 22, Maluach 18. Hiyo ni miaka minne ya kukosea. Thabeet aliingia na mzigo wa namba 2, Maluach namba 10. Duke alikuwa anafunga zaidi ya asilimia 70 ya mitupo yake, mingi ya kudanki, na mitupo huru anaipiga vizuri kwa mtu wa urefu ule. Mitupo huru msiidharau, ndiyo inayoonyesha kama mkono unafundishika.

Lakini nisiwafiche, naye ana Pittsburgh yake. Aprili 2025, nusu fainali ya vyuo, Duke dhidi ya Houston. Alikaa uwanjani dakika 21 na hakupata rebaundi hata moja. Sifuri! Houston ni watu wa kusukumana, na walimsukuma. Duke wakafungwa 70 kwa 67. Ukiniuliza mimi, mechi ile ina habari kuliko Summer League nzima, kwa sababu ndiyo kasoro ileile aliyoonyeshwa Thabeet na Blair, na ni kasoro inayotibika kwa chakula, chuma na kocha mvumilivu.

Kwa hiyo mdau, ukikaa kumwangalia senta kijana mechi za Julai, pointi zipotezee. Hesabu faulo, na ukiona amefika 7 jua kwamba kwenye ligi yenyewe alishatolewa zamani. Gadi mdogo akimjia kasi baada ya kuwekewa kizuizi, angalia miguu yake, anateleza naye au anabaki amesimama kama nguzo ya umeme? Mpira ukienda juu, anamtafuta mtu wa kumzuia kwa mgongo kwanza, au anautazama tu akitegemea urefu? Mechi ya nne amebadilisha chochote kilichomshinda ya kwanza? Halafu iangalie na timu yenyewe: senta wao mkubwa ni nani, na huyu dogo ana dakika ngapi za kukosea?

Kwa Maluach mimi nasubiri siku akutane tena na mtu wa kilo nyingi anayeweka kiuno. Siku hiyo nitafungua takwimu nisome kisanduku kimoja tu, cha rebaundi. Na nyie mnaomfuatilia nileteeni mlichokiona, ila mje na mechi nzima, si klipu.