Kioo Kinachoonyesha Kiwiko

Safari ijayo utakapopanda pikipiki ya abiria hapa Kigali, kabla hujaitoa simu mfukoni, inua macho ukitazame kioo cha kushoto cha dereva. Utaona kiwiko. Pengine utaona pia bega la jaketi lake lenye namba, na ukingoni kabisa, mahali pasipozidi upana wa vidole viwili, kipande cha barabara mnayoiacha nyuma. Ni kweli kwamba yeye ameketi mbele yako na kioo kimegeuziwa macho yake, si yako. Hata hivyo mwulize. Nami nimewauliza wengi, na jibu halibadiliki sana: sehemu kubwa ya anachokiona mle ndani ni yeye mwenyewe.

Mimi naishi Kagarama na nafundisha ng'ambo ya Sonatube, kwa hiyo kila siku ya shule nateremka kilima hiki nikiwa nyuma ya motari. Barabara yetu unaijua: ndiyo itokayo Bugesera, ikapita Gahanga na Nyanza, ikashuka Kicukiro Centre. Asubuhi hujaa mabasi, malori ya mchanga, magari madogo na pikipiki zisizo na idadi, na wote wana haraka ile ile.

Msimu uliopita wa masika, asubuhi yenye manyunyu, basi lilikuwa limesimama mbele yetu kushusha abiria. Motari wangu alipunguza mwendo, akainamisha kichwa kuelekea kioo cha kushoto, kisha akaingia katikati ya barabara ili tulipite basi lile. Honi ya lori ilitupigia sikioni. Alirudi kulia kwa ghafla hata goti langu likakwaruza ubavu wa basi, na lori likapita karibu nasi kiasi kwamba matope yake yalinifuata mpaka darasani. Tuliposimama, mikono yake ikitetemeka, alisema neno moja tu: "Mwalimu, nilitazama."

Hakusema uongo. Nilikiona kichwa chake kikiinama. Hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili hawezi kunyamaza, kwa maana lugha yetu imetenga vitenzi viwili mahali ambapo haraka ya barabarani huvichanganya. Kutazama ni kuelekeza macho. Kuona ni kupata kitu kwa macho hayo. Mtu aweza kutazama asione. Motari wangu alitazama, akaona mkono wa koti lake la mvua lililofura kwa upepo, na nyuma ya mkono ule lilikuwapo lori.

Wanafunzi wangu walipoisikia habari hii waliuliza kwa nini nasisitiza kioo cha kushoto, ilhali kifungu cha usalama barabarani walichokisoma kilisema dereva hupita wenzake kwa upande wa kulia. Swali zuri sana. Vitabu vingi tunavyosoma vimeandikwa Tanzania au Kenya, ambako magari hupita kushoto mwa barabara, na hata Uganda ni hivyo. Rwanda tunapita kulia, kama Burundi na Kongo. Kwa hiyo motari wetu, anapokwepa shimo au basi lililosimama, huingia upande wa kushoto, na kioo cha kushoto ndicho kinachobeba uhai wake na wako. Jifunze msamiati wa kitabu, lakini ukifika barabarani geuza mkono.

Sasa tuje kwenye kipimo. Umoja wa Mataifa una kanuni ya kiufundi, Kanuni namba 81, inayohusu vioo vya pikipiki. Inataka uso wa kioo usiwe chini ya sentimita za mraba 69, na kitovu cha kioo kiwe mbali na mstari wa katikati ya pikipiki kwa sentimita 28 au zaidi. Niliazima utepe wa fundi cherehani jirani yangu, nikampima motari aliyenibeba siku ile, naye akicheka muda wote. Kitovu cha kioo chake kilikuwa sentimita 29 kutoka katikati. Kiwiko chake, akiwa amevaa sweta, koti la mvua na jaketi la kazi juu yake, kilifika 34. Pikipiki ilikidhi kipimo cha kanuni, lakini kioo kilikuwa ndani ya kiwiko kwa sentimita tano nzima. Askari angeisimamisha angekuta vioo viwili, vizima, visafi, akairuhusu iende zake, na angekuwa hajakosea.

Dawa yake ni ndogo hata huona haya kuiita dawa. Ni kipande cha alumini, kirefu kama kidole, chenye tundu la skrubu upande mmja na boliti upande wa pili. Hufungwa kwenye usukani mahali mkono wa kioo unaposimama, kisha mkono wa kioo hufungwa juu yake, na kioo husogea nje kwa sentimita tatu, nne au tano. Mafundi niliowauliza hukiita "kipande" tu. Kwa kuwa hujenga neno kwa njia ile ile tunayopatia kichujio kutoka kuchuja, nitathubutu kukiita kirefushio, kutoka kurefusha. Ukipata jina bora zaidi niletee darasani.

Kumfunga fundi yeyote kazi hiyo huchukua muda mfupi, ila kuna mtego mmoja. Si pikipiki zote zina hesi za ukubwa mmoja: nyingine huchukua boliti ya milimita 8, nyingine ya milimita 10. Tena katika pikipiki za Yamaha kioo cha kulia mara nyingi hufungwa kinyume, yaani ukizungusha kulia unafungua. Nimemwona kijana mmoja akikaza kwa nguvu zake zote huku kioo kikizidi kulegea, mpaka mzee wa gereji akaja kumpokonya spana.

Najua pingamizi, na sizibezi. Ya kwanza ni upana. Vioo vikisogea sentimita nne kila upande, pikipiki imeongezeka sentimita nane, na motari anayeishi kwa kupenya kati ya magari mawili pale Sonatube atakuambia kwamba sentimita nane ni kitu. Ni kweli. Lakini tujiulize: nafasi ambayo pikipiki haiwezi kupita bila kuvuta vioo ndani, je, goti la abiria lilikuwa na haki gani ya kupita hapo? Kwa maoni yangu, kioo kinachomzuia dereva kuingia pembamba mno kimefanya kazi yake mara mbili. Motari wangu hakubaliani nami katika hili, na ndiye anayepoteza dakika.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: mtetemo. Mkono mrefu hutikisika kuliko mfupi, na kioo kinachotikisika huonyesha ukungu. Jambo hili lina umri wa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1911, katika mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis huko Marekani, dereva Ray Harroun alifunga kioo mbele yake ili aone nyuma, naye akashinda. Watu wengi hutaja kioo kile kuwa mwanzo wa vioo vyote vya magari. Lakini Harroun mwenyewe alikuja kukiri kwamba uwanja ule wa matofali uliitikisa gari hata hakuona chochote ndani yake. Basi kirefushio chepesi kilichofungwa vibaya kinaweza kumpa motari kioo kipana cha ukungu. Chagua kifupi kinachotosha kuvuka kiwiko, kikazwe barabara, kikaguliwe kila wiki. Zaidi ya hapo, kioo kilichobinuka hufanya lori la karibu lionekane dogo na la mbali, na upo upande wa bega ambao hakuna kioo kinachoufikia. Kwa hiyo shingo bado ina kazi. Asiyegeuza kichwa kwa kuwa amenunua kirefushio afadhali asingekinunua.

Nani alipe? Hapa nina maoni makali kidogo. Motari wengi huendesha pikipiki isiyo yao, na hesabu ya mwenye chombo lazima itoke kabla ya mkate wa watoto. Kumwambia mtu huyo anunue kifaa cha ziada ni kumtwika mzigo wa mwingine. Mwenye chombo ndiye alipe, na muuzaji wa pikipiki angepaswa kumuuliza mnunuzi kama ataivalia makoti ya mvua miezi mingi ya mwaka, kama afanyavyo kila motari wa Kigali. Tulikubali zamani kwamba abiria hapandi bila kofia ngumu, na leo asiyekupa kofia tunamshangaa. Kofia hutusaidia tukishaanguka. Kioo kinachoona hutusaidia kabla.

Lakini narudi kwako wewe uliyeketi nyuma. Katika mashindano yale ya 1911, karibu madereva wengine wote walibeba fundi ndani ya gari, na moja ya kazi zake ilikuwa kuangalia nyuma na kumwarifu dereva anayekuja. Harroun alikwenda peke yake, na kioo kilichukua nafasi ya mtu. Sisi abiria tumeketi katika kiti cha fundi yule, nasi tumekifanya kiti cha kusomea ujumbe wa simu. Polisi wa Rwanda walipoanzisha kampeni ya Gerayo Amahoro mwaka 2019, wengi wetu tuliielewa kuwa maneno ya kuwaambia madereva. Yafasiri kwa Kiswahili uone: "ufike salama". Anayefika ni nani, kama si wewe pia?

Sisemi umwongoze motari kwa kelele begani. Hilo nalo ni hatari. Nasema kabla hajawasha, mwambie kwa adabu: "Samahani kaka, kioo chako kinakuonyesha nini?" Kama ni kiwiko tu, mwombe akisogeze, akishindwa mwombe mwingine. Mfuko wako usiutokeze pembeni, na mwavuli uufunge.

Motari wangu amefunga kirefushio upande wa kushoto tu, baada ya mabishano ya wiki mbili na mwenye chombo. Wiki ya kwanza kililegea pale Kicukiro Centre na kioo kikageuka kikatazama mbingu. Alisimama kando ya barabara, akakikaza kwa spana aliyoitoa chini ya kiti, akaketi, akakisogeza taratibu huku na huku. Kisha akaniuliza bila kugeuka ni nini kilichoko nyuma yetu. Nikatazama, nikamwambia basi la kijani na mtoto wa shule mwenye baiskeli.

"Mtoto ninamwona," akasema. "Basi bado." Akakisogeza tena.