Lalamiko Lako Linaishia Wapi?



Kwa kawaida ukurasa huu huongea juu ya malaria, maji ya kunywa na lishe ya watoto. Leo naomba tuongee juu yetu sisi wauguzi, na juu ya mgonjwa anapotendewa vibaya na mmoja wetu.

Hapa Ufipa mtu akikwazwa hospitali mara nyingi hunyamaza. Asiponyamaza, humwendea Baba Paroko, au husimulia kwenye Jumuiya na kilabuni, hata habari ikafika Laela na Matai ikiwa imetiwa chumvi. Wengine, tuseme ukweli, huanza kunong'ona kwamba mgonjwa amelogwa, na jirani asiye na kosa ndiye anayebeba lawama. Mahali ambapo lalamiko lingepaswa kufika, halifiki.

Mahali penyewe ni Baraza la Uuguzi na Ukunga, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2010. Ndilo linaloandikisha wauguzi na wakunga wa Tanzania Bara na kuwapa leseni, na ndilo lenye uwezo wa kuichukua leseni hiyo. Madaktari na wafamasia wana mabaraza yao. Lalamiko hupelekwa kwa maandishi kwa Msajili. Huchunguzwa kwanza kama lina msingi; likiwa nao, muuguzi huitwa ajieleze, mashahidi husikilizwa, kisha Baraza huamua. Huenda akaonekana hana kosa. Huenda akapewa onyo, akasimamishwa, au jina lake likafutwa kabisa katika daftari. Asiporidhika anayo haki ya kukata rufaa.

Usitegemee fidia kutoka Baraza. Hiyo hudaiwa mahakamani. Wala usidhani kwamba mwajiri akimfukuza muuguzi basi shauri limekwisha. Mwajiri huondoa kazi, haondoi leseni. Aliyefukuzwa mjini anaweza kuteremka na leseni yake mfukoni hadi zahanati ya bondeni, ambako usiku atakuwa peke yake, bila daktari wala matroni wa kumwangalia.

Jambo hili nalijua kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulikuwa na mwenzetu aliyekuja zamu ya usiku akinuka pombe. Sote tulijua. Usiku mmoja mama alijifungua leba bila mtu kumwangalia, na mtoto hakulia. Asubuhi babu yake mtoto alikuja, akavua kofia, akachutama mlangoni akauliza kilichotokea. Mimi ndiye niliyetumwa kuongea naye. Nikamwambia, "Baba, ni mapenzi ya Mungu." Akanishukuru! Mwenzetu alihamishwa kimya kimya, nasi tukajisifu kwamba tumeyamaliza nyumbani. Hakuna aliyeandika barua, nami sikuandika. Baadaye nilisikia yuko zahanati nyingine akizalisha. Sikuuliza zaidi, maana niliogopa jibu.

Kwa hiyo mwenzangu akiniambia kwamba kulalamika ni kulichafua Kanisa na hospitali zake, siwezi kumuunga mkono. Mungu sikumsingizia kwa ajili ya Kanisa. Nilimsingizia kwa ajili yetu.

Lakini wauguzi nao wana hoja ya kweli. Muuguzi ni mmoja, wodi imejaa, wengine wamelala chini, glovu zimekwisha, na kina mama wawili wanaita kwa wakati mmoja. Yule aliyechelewa kuhudumiwa akilalamika, kosa ni la nani? Baraza laweza kumwadhibu muuguzi, haliwezi kutuongezea wauguzi. Ndiyo maana lalamiko lisikilizwe pande zote, na anayelisikiliza aulize pia zamu ile ilikuwa na watu wangapi.

Neno langu kwa Baraza ni la umbali. Makao yake yako Dodoma. Mtu wa Muze au Mtowisa apande kwanza mlima kufika Sumbawanga, ndipo aanze safari ya Tunduma na Mbeya, au ya Mpanda na Tabora. Shahidi gani atakwenda, na shamba la mahindi amwachie nani? Mwaka 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja walibadilishiwa upasuaji: wa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima ilijua, kwa sababu magazeti yako jirani. Bondeni kwetu hakuna mwandishi wa habari. Ningependa mashauri ya huku yasikilizwe huku huku Sumbawanga, na mlalamikaji aandikiwe matokeo hata kama muuguzi ameonekana hana kosa. Mtu asiyejibiwa mara moja hataandika mara ya pili, wala jirani yake.

Wakati tukingoja hayo, barua inaweza kupitia kwa Muuguzi Mkuu wa Wilaya ili aifikishe kwa Msajili. Taja tarehe, saa, wodi, kilichotendeka, kilichosemwa, na nani alikuwepo. Andika uliyoyaona mwenyewe. Ya kuambiwa yaseme kwamba ni ya kuambiwa. Jina la muuguzi usipolijua, taja zamu, maana orodha ya zamu ipo na jina litapatikana. Asiyejua kuandika amwombe katekista au katibu wa Jumuiya, kisha atie dole gumba. Nakala moja baki nayo, na kadi ya kliniki usimpe mtu yeyote bila kuitolea kivuli, hata akiwa amevaa sare kama yangu.