Digrii ya saikolojia: Waambieni vijana ukweli kabla ya kulipa karo

Kila KUCCPS inapofungua mtandao wake ili wanafunzi wachague kozi, swali moja huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Wasee, saikolojia iko aje? Nichukue?" Sababu zao hufanana. Huyu marafiki wote humletea shida zao. Yule anataka kuelewa mbona mzee wake alianza kunywa. Mwingine ametazama video za TikTok kuhusu kiwewe hadi anajiona daktari.

Hizo ni sababu poa tu. Shida ni kwamba vijana hawa hawaambiwi wanachonunua. Mimi niliacha chuo katikati, kwa hivyo sina kozi ya kukuuzia. Ninachosema ni hiki: saikolojia ni kozi ya maana, lakini inauzwa nusu nusu, na ile nusu isiyotajwa ndiyo humuumiza mtu miaka minne baadaye.

Tuanze darasani. Saikolojia si kusoma akili za watu kama mganga. Ni sayansi. Wilhelm Wundt alifungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, mwaka wa 1879, na tangu hapo hii imekuwa kazi ya kupima. Utakutana na mbwa wa Pavlov, watoto wa Piaget, ubongo na neva, halafu takwimu. Takwimu nyingi! Aliyekimbia Hesabu akidhani amepata maficho huku atashangaa. Lazima ujue kupanga utafiti, kukusanya data na kuonyesha kama matokeo yako yana maana au ni bahati tu. Na kama unachotafuta ni dawa ya maumivu yako mwenyewe, nenda kwa mshauri nasaha. Ukumbi wa mihadhara hautakuponya.

Sasa kazi. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Maana yake, joho la mahafali halikupi ruhusa ya kufungua ofisi na kuanza kuhudumia watu. Kuna usajili. Na ukitaka saikolojia ya kitabibu, ile ya kushughulika na wagonjwa, jiandae kwa shahada ya uzamili na saa nyingi za kazi chini ya msimamizi. Ukibaki na digrii ya kwanza, unaweza kuelekea rasilimali watu, utafiti wa soko au mashirika ya kijamii. Si mbaya, ila si kile ulichokuwa ukiota. Wengi hujua haya wakiwa tayari wanazunguka mjini na bahasha ya kaki.

Kinachokera ni kwamba nchi inawahitaji hawa watu. Mwaka wa 2020, jopokazi lililoundwa na serikali lilipendekeza afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Safi kabisa. Lakini mtu akitolewa mikononi mwa polisi, anaingia mikononi mwa nani? Katika shule nyingi, ushauri nasaha ni mzigo anaoongezewa mwalimu ambaye tayari ana vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha.

Halafu kuna lugha. Kozi inafunzwa kwa Kiingereza, na nadharia nyingi zimetoka Ulaya na Marekani. Mama wa Kayole hatakuambia ana ugonjwa wa sonona. Atasema, "Nafikiria sana, usiku silali." Zimbabwe walianzia hapo hapo. Mradi wa Friendship Bench, ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda, huwafunza akina nyanya kusikiliza watu wakiwa wameketi kwenye benchi, na huongea lugha ya mtaani kwao. Neno lao ni la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba dalili za waliosaidiwa zilipungua.

Nyanya hao hawana digrii. Wana mafunzo, na wana msimamizi. Sasa niambie, kama nyanya anaweza kupewa benchi na msimamizi, mbona kijana aliyesoma miaka minne aachwe nyumbani akingoja?

Kwa hivyo, vyuo viandike wazi kwenye maelezo ya kozi kile ambacho mhitimu anaweza kufanya kisheria na kile ambacho hawezi. Kaunti ziwachukue wahitimu katika zahanati na shule, chini ya usimamizi, kwa malipo. Na mafunzo ya ushauri yafanywe pia kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, kwa sababu watu hulia kwa lugha zao.

Wewe unayejaza fomu, uliza maswali matatu. Je, bodi inaitambua kozi hii? Atachimenti itakuwa wapi, na nani atanisimamia? Nikihitaji uzamili, nani atalipa? Ukipata majibu na bado moyo unakuvuta huko, ingia. Tunakuhitaji sana. Ila ingia macho yakiwa wazi.