Kulia Si Kuigiza

Ipo kauli inayorudiwa kila wanapokutana wapenzi wa michezo ya kuigiza: kwamba uigizaji ni kipaji, mtu huzaliwa nacho, na asiyezaliwa nacho hata umpeleke chuo gani hafundishiki. Kauli hii ni tamu kwa sababu inamwondolea mtu kazi. Mimi naipinga. Nadhani inawaharibu vijana wetu kuliko huo ukosefu wa fedha na vifaa tunaoulalamikia kila siku.

Sikatai kwamba vipaji vipo. Lakini hebu tujiulize: ni fundi gani mwingine tunayemruhusu afanye kazi kwa kipaji kitupu? Seremala hukaa na bwana wake miaka akipiga randa. Mpiga udi wa taarabu hushinda na nyuzi mpaka vidole vikaota sugu. Iweje mwigizaji peke yake apewe maneno asubuhi, na jioni ahesabiwe kuwa ameiva?

Wapo watakaonijibu kwamba mababu zetu hawakuwa na vyuo vya sanaa, na walicheza ngoma na kutamba hadithi vizuri kuliko sisi. Nani aliyewaambia kwamba hawakufunzwa? Bibi mtambaji alianza utotoni kusikiliza watambaji wengine, akajua mahali pa kushusha sauti na mahali pa kunyamaza ili watoto wasogee. Unyago una makungwi wake. Hivyo ni vyuo, ila havina kuta.

Au tutazame Kamiriithu, kule Limuru nchini Kenya. Mwaka 1977 wakulima na vibarua waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Watu husimulia habari zile kana kwamba wanakijiji walipanda tu jukwaani wakang'ara. Sivyo. Mazoezi yalianza mwezi Juni, hadharani, majirani wakitazama na kutoa maoni, na mchezo ukafunguliwa Oktoba. Ulikuwa umeiva kiasi kwamba mwezi wa Novemba serikali iliupiga marufuku.

Kwa wale wanaopenda mifano ya ng'ambo, yupo Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyeshiriki kuanzisha Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898. Alikuwa mwigizaji mwenye jina. Hata hivyo, mwaka 1906, akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, aligundua kwamba anaigiza kama mashine: mikono inakwenda, moyo haupo. Akakaa chini kuichunguza kazi yake upya. Maswali anayopewa mwanafunzi wa uigizaji leo yanatokana kwa sehemu kubwa na juhudi zake: mimi ni nani, niko wapi, nataka nini kwa huyu ninayesema naye, na ni kitu gani kinanizuia?

Misingi ndiyo hiyo, pamoja na pumzi, matamshi, mwili usiokakamaa, na jambo gumu kuliko yote: kumsikiliza mwenzako kweli, badala ya kungoja zamu yako ya kusema. Jukwaani sauti lazima imfikie aliyekaa safu ya mwisho bila kupiga kelele. Mbele ya kamera uso hujaza kioo, na kope ikishuka tu imeshasema. Tena sinema hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Mazishi yaweza kupigwa picha asubuhi na harusi jioni. Asiyejua mhusika wake ametoka wapi na anakwenda wapi atabaki kulia tu, maana kulia ndiko anakodhani ni kuigiza.

Ndugu msomaji, usidhani haya ni mabishano ya wasomi. Nimemwona kwa macho yangu mwongozaji akimzaba msichana kofi ili machozi yatoke, na waliokuwapo wakacheka wakisema sasa ameigiza. Yule mwongozaji hakujua njia nyingine, kwa sababu hakuna aliyemfundisha, naye hakuona haja ya kufundishwa. Na liko baya zaidi. Mahali ambapo ujuzi hauna kipimo, kipimo kingine huingia: sura, mfuko wa mjomba, au chumba cha mwongozaji. Binti akikataliwa nafasi atajiteteaje, ikiwa wakubwa wenyewe wanasema kipaji hakielezeki, wao ndio hukiona? Mafunzo hayatamwondoa mwovu, lakini yatampa binti lugha ya kuuliza: nimekosea wapi, nionyesheni.

Simwambii kila mtu atafute cheti. Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo tangu mwaka 1981, na siku hizi ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Mwenye uwezo aende. Asiye na uwezo anaweza kuanza mtaani kwake, na wenzake watano, chini ya mwembe: wasome mchezo mzima kabla ya kugawana nafasi, wafanye mazoezi ya sauti kila siku, waambiane ukweli. Viongozi wa vikundi nao waache kumsifu kijana kwamba amezaliwa msanii. Wamwambie arudi kesho saa kumi kamili, mazoezini.