Uso Mkunjufu wa Daktari ni Sehemu ya Dawa

Ukikaa barazani hapa pwani watu wakazungumza habari za zahanati, hutakosa kusikia mmoja akisema: "Pale dawa ziko, lakini watu wake!" Husema hivyo akanyamaza, na wenziwe hutikisa vichwa. Wako wanaodhani hayo ni malalamiko ya watu wanaopenda kubembelezwa. Mimi sikubaliani nao. Jinsi daktari anavyompokea mgonjwa, anavyomsikiliza na anavyomweleza, ni sehemu ya matibabu yenyewe. Hayo yakikosekana, dawa hata ikiwa nzuri namna gani huenda ikabaki ndani ya karatasi yake.

Hebu tutazame mambo yanavyokwenda. Mtu ameamka, ameswali alfajiri, ameshika njia kwenda kupanga foleni. Saa nne ndiyo anaingia chumbani. Daktari hainui uso. "Unaumwa nini?" Mgonjwa hajamaliza maneno matatu, kalamu imekwisha andika. "Nenda dirisha la dawa. Mwingine!" Na huyo mwingine amekwisha simama ndani, mlango uko wazi, watu wanapita.

Nilipata kumsindikiza shangazi yangu mahali kama hapo. Ni mama mtu mzima, aliyezoea kuamkiwa shikamoo na vijana wote wa mtaani. Akaitwa "wewe" na kijana wa umri wa mjukuu wake. Alikuwa na maradhi mawili. Alisema moja, la kichwa, na lile lililomtoa nyumbani akarudi nalo. Njiani nikamwuliza sababu. Akanijibu, "Mwanangu, ningemwambiaje, na hata kunitazama hakunitazama?"

Wazee walisema mficha uchi hazai. Methali hii siku zote tunamwelekezea mgonjwa, kana kwamba kuficha ni kosa lake peke yake. Lakini mtazame mwanamume mwenye busha, maradhi yanayojulikana sana pwani yetu, yaletwayo na minyoo inayoenezwa na mbu. Mtu huyo hatayataja mbele ya watu watatu. Atasema kiuno chamwuma, au atasema "mshipa" kisha anyamaze, akingoja kuulizwa. Daktari mwenye subira atafunga mlango amwulize, "Mshipa wa wapi, mzee wangu?" Asiye na subira atamwandikia vidonge vya maumivu. Hapo nauliza, aliyeficha ni nani?

Jambo hili limepimwa na wataalamu. Mwaka 1984 Wamarekani wawili, Howard Beckman na Richard Frankel, walichunguza mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa wao. Waliona kwamba daktari humkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani, na wagonjwa walioachwa wakamaliza haja zao hawakufika hata robo. Madaktari hujitetea kwamba wakiwaacha watu waseme watakesha hapo. Basi mwaka 2002 zilichapishwa habari za uchunguzi mwingine, uliofanywa katika hospitali moja ya mji wa Basel, Uswisi. Madaktari walitakiwa wanyamaze mpaka mgonjwa aishe mwenyewe. Wagonjwa walikuwa 335. Kwa wastani walisema kwa sekunde 92 tu, na karibu wanane katika kila kumi walimaliza kabla ya dakika mbili. Kikombe kimoja cha kahawa barazani hunywewa kwa muda mrefu kuliko huo.

Najua foleni zetu ni ndefu na madaktari ni wachache. Daktari aliyekwisha ona watu sitini tangu asubuhi naye ni binadamu, huchoka na huumwa na njaa. Hesabu za nchi mbalimbali zilizokusanywa mwaka 2017 zilionyesha kwamba mgonjwa wa Bangladesh hukaa na daktari wake kwa sekunde 48, na wa Uswidi kwa dakika 22 na nusu. Sisemi tupewe dakika za Waswidi. Nasema tupewe zile sekunde 92.

Na tusidhani kinachopotea hapa ni heshima peke yake. Chukua mfano wa mwezi mtukufu wa Ramadhani na maradhi ya sukari. Mgonjwa anaambiwa kwa ukali, "Wewe usifunge!" Anajibu, "Ndiyo, daktari." Akifika nyumbani anafunga. Anajua kwamba Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kula, lakini hakuna aliyemweleza kama yeye ni katika wagonjwa hao, na kwa sababu gani. Basi anajipangia dawa mwenyewe. Mmoja anaziacha kabisa, mwingine anazimeza zote kwa pamoja wakati wa futari. Mwaka 2001 walichunguzwa watu 12,243 wenye sukari katika nchi 13 za Kiislamu. Katika wale wenye sukari ya aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi, karibu wanane katika kila kumi walifunga siku zisizopungua 15. Na katika mwezi huo visa vya sukari kushuka kwa hatari viliongezeka mara kadhaa kuliko miezi mingine.

Watu hao hawazuiwi kwa kukaripiwa. Linalotakiwa ni swali moja katika mwezi wa Shaabani: "Mama, Ramadhani yaja, wakusudia kufunga?" Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Wako ambao dawa zao zaweza kupangwa upya baina ya futari na daku, wakafunga kwa salama. Wako wanaojidunga insulini, au ambao figo zao zimedhoofika, na hao waelezwe kwa upole hatari iliyopo, kisha waende kwa sheikh wao wakaulizie fidia. Mgonjwa aliyeelezwa hivyo hana haja ya kumdanganya daktari wake.

Wengine hutushangaa kwa nini watu wetu wangali wakienda kwa waganga. Siwapigii debe waganga, na sukari haiondoki kwa kombe. Lakini mganga humkaribisha mtu mkekani, akamwuliza jina lake na la mamaye, maradhi yalianza lini, na nyumbani kuna nini. Anayetoka hapo, hata kama hakupona, ametoka akijua kwamba amesikilizwa. Hilo moja daktari aweza kulichukua bila kuacha elimu yake.

Wala adabu hii si ngeni kwetu. Katika karne ya tisa Ishaq bin Ali al-Ruhawi alitunga kwa Kiarabu kitabu kizima juu ya adabu za tabibu. Al-Razi, aliyesimamia hospitali za Rayy na Baghdad, naye aliandika juu ya tabia zinazompasa mganga wa watu. Na juu ya yote tunayo Sura ya Abasa, ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua habari yake. Ikiwa kukunja uso mbele ya kipofu, asiyeuona uso wenyewe, kuliteremshiwa aya, basi vipi kuukunja mbele ya mgonjwa anayekutazama kwa macho yote mawili?

Hata sheria ya nchi iko upande wa mgonjwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoifahamu, na inampa mgonjwa haki ya kuheshimiwa na kusitiriwa. Tangu mwaka 2013 zahanati na vituo vya afya viko mikononi mwa serikali za kaunti. Nazo naziomba mambo ambayo hayana gharama kubwa: mlango unaofungwa, pazia, na muuguzi wa kike kwa mwanamke anayemtaka.

Kwa madaktari ombi langu ni hili. Mgonjwa akiingia, mwamkie na umtazame. Mwache amalize. Kisha mwulize, "Kuna jingine?" Na kabla hajatoka, mwambie akueleze atakavyomeza dawa zake, maana "moja mara tatu" kwa mtu asiyeelezwa yaweza kuwa vidonge vitatu kwa mkupuo mmoja.

Sisi nasi tuna wajibu wetu. Tusiingie kwa matusi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Twende na dawa zetu za zamani mkononi, na kama tumekunywa kombe au mitishamba tuseme. Na kama tumekusudia kufunga, tuseme hivyo mapema, tusingoje mpaka mwezi uandame.

Shangazi yangu hajarudi katika zahanati ile, na wako wengi kama yeye. Kila mmoja wao amebaki nyumbani na maradhi ambayo pengine yangetibika kwa dawa zilizoko dirishani. Wahusika nawaomba walifikirie hilo kila wanapohesabu wagonjwa waliowatibu kwa siku.