Sarafu Moja? Wasee, Shida Si Apu

Wasee, naomba tuongee. Wiki iliyopita niliposti kavideo kuhusu sarafu moja ya Afrika Mashariki, ile tunayoambiwa itakuja 2031. Komenti zikajaa, na nyingi zilikuwa wimbo mmoja: "Si watengeneze tu apu? Mambo ya noti yamepitwa na wakati." Mwingine akasema eti sisi ndio tulioanzisha M-Pesa, kwa hivyo vijana wa kompyuta wapewe miezi sita tu, kazi itakuwa imeisha.

Hapana. Na hapana hiyo naitoa Golbanti, mahali ambapo tunaijua pesa ya simu, utamu wake na uchungu wake.

Mwisho wa 2023, mvua za El Niño zilipopiga, mto Tana ulifurika na barabara zikakatika. Pesa haikukatika. Binamu yangu wa Mombasa alinitumia elfu tatu, meseji ikaingia papo hapo. Nikaenda kwa wakala kutoa. Hana noti hata moja. Nikaenda kwa wa pili, hivyo hivyo. Noti huwa zinatoka Garsen, na gari halipiti. Mwenye duka naye hataki nimtumie kwa simu, kwa sababu mwenye boti anayemvushia unga anataka pesa mkononi. Simu inasoma elfu tatu, na nyumbani tunalala na maembe mabichi kwa chumvi.

Sasa niambie, apu ilikosea wapi? Haikukosea popote. Kilichokosekana ni kile kitu kilicho nyuma ya apu.

Hiyo ilikuwa kijiji. Ugiriki ilikuwa nchi nzima. Wazungu walianza yuro kwenye hesabu za benki tarehe 1 Januari 1999, halafu tarehe 1 Januari 2002 noti na sarafu zikatoka katika nchi 12. Kwa upande wa mitambo walijipanga vizuri sana: mashine za ATM zilibadilishwa, watu wakazoea upesi. Lakini Juni 2015 benki za Ugiriki zilifungwa kwa wiki tatu, na mtu akienda kwa ATM, mwisho ni yuro 60 kwa siku. Wazee wa pensheni walipanga foleni mbele ya mashine zinazofanya kazi vizuri kabisa.

Kwa nini? Ugiriki iliingia kwenye yuro 2001, na 2004 serikali yake yenyewe ikakubali kwamba hesabu za bajeti walizoonyesha wenzao hazikuwa za kweli. Madeni yakaendelea kupanda. Siku ya kubanwa ilipofika, hawakuwa tena na pesa yao wenyewe ya kuiacha ishuke thamani ili mzigo upungue. Kilichobaki ni kukata mishahara, kukata pensheni na kupandisha ushuru. Aliyelipa si yule aliyeandika hesabu za uongo. Aliyelipa ni nyanya wa mtu.

Turudi kwetu. Tarehe 30 Novemba 2013, marais wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi walitia saini mkataba wa sarafu moja pale Kampala. Walijipa miaka kumi. 2024 ikafika, sarafu hakuna, ikasukumwa hadi 2031. Je, ni teknolojia iliyowachelewesha? Bana, tangu 2015 unaweza kutuma M-Pesa kutoka Kenya hadi Tanzania. Benki kuu zetu zina mtambo wa kulipana wenyewe kwa wenyewe. Waya ziko.

Ambacho hakiko ni nidhamu. Mkataba unasema deni la kila nchi lisipite asilimia 50 ya pato lake. Kenya ilitia saini hapo. Halafu 2023 Bunge letu likapitisha sheria kwamba kikomo chetu nyumbani ni asilimia 55. Na hata hiyo 55 tumeipita! Yaani tumeahidi majirani kitu kimoja, tukajiandikia kingine, na vyote viwili tumevivunja. Hakuna apu ya kurekebisha hiyo tabia.

Na si kwamba sarafu moja haiwezekani. Nyanya yangu ana kopo la senti za zamani, zile zenye tundu katikati. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, na senti hizo ulikuwa unanunua nazo chumvi hapa, Kampala na Dar es Salaam bila kubadilisha chochote. Hakukuwa na simu wala intaneti. Lakini aliyeisimamia ni bodi iliyokaa London, hakuna mtu wa Golbanti aliyeulizwa. Tulipopata uhuru kila serikali ikataka kushika mfuko wake, na kufika 1966 kila nchi ikaanza kutoa shilingi yake. Haikufa kwa kukosa mashine. Ilikufa kwa sababu hatukukubaliana nani anashika mfuko.

Msinielewe vibaya, mimi naitaka hii sarafu. Tangu niache chuo naishi kwa kuedit video, na kuna jamaa wa Tanga ananipa kazi. Kila akinilipa, pesa inakatwa ada ya kutuma, halafu inakatwa tena kwenye kubadilisha. Ingekuwa shilingi moja, hiyo ya pili ingebaki mfukoni mwangu. Lakini kupunguza hayo makato hakuhitaji kungoja 2031. Serikali zinaweza kukaa chini na kampuni za simu zikashusha ada hata mwaka huu. Hapo ndipo teknolojia inasaidia, na hapo ndipo tupige kelele.

Hiyo nyingine, ya kufunga mifuko yetu pamoja, inataka maswali kwanza. Sasa jumuiya ina nchi nane, pamoja na Kongo na Somalia. Nchi moja ikidanganya hesabu, nani anaikagua? Ikianguka, nani anaiokoa, na kwa ushuru wa nani? Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, bei zikatuumiza, halafu shilingi ikajiinua. Kwenye sarafu moja hakuna kushuka na kujiinua peke yako. Kinachokatwa ni bajeti, na nyinyi mnajua bajeti ikikatwa huwa haianzii Nairobi. Inaanzia kwa daraja na zahanati za huku kwetu.

Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kwenye simu, ukurasa kwa ukurasa, tukaeleza wazazi wetu kwa Kipokomo, Kiorma, Kigiriama, na ule mswada ukaanguka. Hii ya sarafu ni kubwa kuliko ule mswada na hakuna anayeisoma. Mkataba uko kwenye mtandao. Utafute, uusome, kisha umuulize mbunge wako swali moja tu: asilimia 50 tutaifikia lini?

Akikujibu kwamba wanatengeneza apu, mwambie mimi nitamtengenezea bure. Yeye alete hesabu.